Habari za Shefu Birindwa, Aliyekatwa Miguu kwa Heshima

Sogeeni, enyi watu wa Bujumbura, ninyi mlio ufukweni na ninyi wa Kiriri mnaolitazama ziwa kupitia vioo. Sogeeni nanyi wa Gatumba, ambao maji yamewafundisha kuhifadhi godoro juu ya kabati. Zimeni redio, lazeni simu kifudifudi, na mwenye kikohozi akikohoe sasa, kwa kuwa habari hii nikishaianza siirudii. Nawasimulia juu ya Tamim bin Azzan, Simba wa Bolti, Mlinzi wa Parafujo, mwenye duka la vyuma mtaa wa Asiatiki na mkono wa kuume usiotetemeka. Na juu ya vita alivyovipigana akiwa ameketi sebuleni kwake, miwani juu ya miwani, mbele ya meza ya chakula ya mkewe. Nilikuwapo. Mimi ni jirani yake ukuta kwa ukuta, nilialikwa pilau, na mtu aliyealikwa pilau haondoki mapema, kwa hiyo niliyaona yote tangu mwanzo hadi ukoko.

Nami namwomba Mola anipe pumzi ndefu, kwa sababu mambo makuu hayasimuliwi kwa sentensi fupi fupi kama ujumbe wa simu, na anijalie kumbukumbu isiyo na kutu.

Palikuwa na kiwanda cha mawese katika mtaa wa viwanda, kiwanda ambacho harufu yake ilifika mjini kabla ya jua. Humo Tamim alifanya kazi ujana wake wote kama fundi wa presi, kabla hajarithi duka la baba yake. Kisha kiwanda kikafungwa, kikavunjwa, na mahali pake pakasimama hangari za saruji zisizo na harufu wala nyimbo. Siku alipopita pale na kukuta hata geti halipo, Tamim alirudi nyumbani, akaondoa kitambaa mezani, akaweka ubao wa tripleksi, akatamka maneno ambayo majeshi hutamka kabla ya kuvuka mto.

"Mama Hiba, nisikilize vizuri," alimwambia mkewe Miza, akiwa amenyanyua rula. "Kile kiwanda nakisimamisha tena, hapa hapa. Kila kitu itakuwa hamsini kwa moja. Presi, hamsini kwa moja. Mulango, hamsini kwa moja. Hata angekuwa mama yangu, Mungu amurehemu, mi namuweka hamsini kwa moja. Siongeze, sipunguze. Mutu mwenye anadanganya kipimo kidogo, kesho atadanganya mizani ya duka!"

Miza hakuwa mwanamke wa kuachia hotuba ipite bila jibu. Aliweka sufuria chini kwanza.

"Baba Hiba, na we nisikilize. Ile meza niliinunua na mahari yangu. Jenga. Lakini siku watu wako watakuja kuona, wataona, watapiga makofi, watakula, na jioni ile ile meza yangu inarudi kwangu. Mi siwezi kuzeekea juu ya mukeka sababu ya kiwanda yenye haitoe hata tone ya mafuta."

Basi ujenzi ukaanza, na Miza akahamia mkekani, yeye na wageni wake, Ramadhani ikapita, Idi ikapita, na mvua zikarudi. Ewe msikilizaji, laiti ungeliona jeshi lile likiinuka! Kopo la nyanya lilivaa kutu ya rangi likawa tangi la mvuke. Kifuniko cha mtungi wa achari kilitobolewa kikawa gurudumu kuu. Mpira uliochomolewa kwenye soksi ya Tamim mwenyewe ukawa mkanda wa kuzungusha presi, na tangu siku hiyo soksi moja ya shujaa ilikuwa ikimshukia kisiginoni kila anapokwenda msikitini. Mtama uliochovywa rangi nyekundu ukawa ngazi, yaani matunda ya mchikichi, rundo kwa rundo. Pamba ikawa moshi. Na mota ya redio kaseti iliyokwisha kufa ikafufuliwa kwa betri za tochi ili iwe moyo wa yote, kwa kuwa hakuna jemadari mwenye akili anayekabidhi vita vyake kwa umeme wa ukutani.

Kisha wakaja watu. Mifupa yao ilikuwa waya, nyama yao mastiki ya kushikizia vioo vya madirisha, nguo zao vipande vya kitenge. Huyu anabeba mkungu wa chikichi, yule anafunga pipa, na mbele ya moto amesimama Sylvère, Mlisha Moto, aliyekuwa akitia kuni chini ya tangi la mvuke. Tamim alimtengeneza mdomo wazi, kwani hakuna aliyewahi kumwona Sylvère ameufunga. Sylvère mwenyewe alipokuja kujiona alicheka mpaka akashika ukuta, akasema kwamba kazi ni safi ila tumbo limezidi. Tamim akachukua rula, akapima tumbo la Sylvère wa nyama, akapima la Sylvère wa mastiki, akatangaza kwamba tumbo halikuzidi hata unywele. Hivyo ndivyo alivyokuwa mtu yule katika jambo la kipimo, mpaka ilipofika zamu ya Shefu Birindwa.

Hapa nateremsha sauti kidogo. Birindwa, aliyezaliwa Uvira na kuzeekea Buyenzi, alikuwa mkuu wa mashine zote za kiwanda kile. Kila asubuhi watu walikaa mahali pao, moto ukiwaka, mvuke ukipiga miluzi, na hakuna kilichozunguka mpaka Birindwa anyanyue mkono wa kuume juu ya vichwa vyote na kupaza sauti: "Pandisha!" Na jioni hakuna kilichosimama mpaka aushushe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na hata wakurugenzi waliokuja na suti walisubiri mkono ule. Naye Birindwa, nasema leo ambalo kiwandani halikusemwa hata mara moja, alikuwa mfupi. Alikuwa mfupi hasa. Kwa heshima watu walisema amekaza, walisema ni mtu wa uzito, walisema kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa mbele ya macho.

Tamim alimpima kwa kumbukumbu, akamuumba hamsini kwa moja, akamsimamisha kando ya Sylvère, na kumbe Shefu alimfikia kifuani. Mkono usiotetemeka ukaweka rula chini. Alifikiria wajukuu wa Birindwa wakija kuona na kucheka. Alimfikiria mzee mwenyewe, aliyemfundisha kazi kwa subira, akijikuta amepungukiwa mbele za watu. Aliikumbuka pia kreti ya njano ambayo Shefu alikuwa akisimama juu yake kando ya presi, na akaifukuza haraka akilini, kwa sababu kumwonyesha mkubwa wako amepanda kreti ni kutangaza sokoni kwamba hafiki. Basi akachukua koleo, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaivuta waya. Ee kiapo, uliponyoka wapi? Birindwa akainuka akawapita wote, mabega mapana, miguu ya twiga, mikono imetulia mapajani kama waziri anayepigwa picha. Adabu ilikuwa imeishinda rula, na Tamim akalala akiwa ameridhika.

Sherehe ilipangwa Jumapili. Ijumaa, baada ya swala, Birindwa akaja na Sylvère kutazama kabla ya wengine, kama inavyomstahili mkubwa. Alivua kofia. Alilizunguka jengo taratibu, akinyanyuka kwa ncha za viatu, akagusa gurudumu kwa kidole, akatabasamu kwa kila mtu aliyemtambua, akawaita kwa majina hata waliokwisha kufa. Tamim alimfuata nyuma kwa furaha iliyomjaa mpaka masikioni.

"Na mi?" aliuliza Birindwa. "Mi niko wapi?"

"Huyu hapa, Shefu. Karibu ya presi."

"Huyu murefu?"

"Ndiyo, Shefu."

Birindwa alimtazama yule mrefu kwa muda ambao chai iliweza kupoa. Kisha akavaa kofia yake.

"Anafanana na mutu wa banki," alisema. "Mumupe salamu zangu. Mi simujue."

Akaondoka, wala hakugusa sambusa. Miza alisimama na sahani mkononi, Sylvère akajitwalia sambusa.

"Amekasirika," alisema Sylvère, "na mi naona sababu. Tamim, we ulikuwa fundi, haukujua wakubwa. Mukubwa ukimupa kidogo anajua umemupimia. Haukumurefusha vya kutosha."

Sasa enyi wenye busara msicheke. Mtu aliyekwisha kuacha njia huuliza njia kwa yeyote anayempata. Tamim akaketi, akamng'oa Birindwa wa kwanza, akaumba wa pili, mrefu kuliko huyo, mwenye kofia ngumu na kola iliyosimama. Na Jumamosi, watu walipokwisha kurudi na majembe kutoka kwenye kazi za jumuiya, Sylvère akatumwa Buyenzi kama balozi, huyo Birindwa wa pili akiwa amelazwa juu ya pamba ndani ya kasha la kiberiti. Alirudi mapema mno. Alisimama katikati ya sebule na kutoa taarifa yake.

"Nimefika. Nimesalimia. Nimekaa. Nimefungua kiberiti. Shefu ameangalia, amekifunga, amenirudishia na mikono mbili, vile wanarudisha kitu ya matanga. Amesema: 'Ambia Tamim, kama anataka kusimamisha antena, akaombe ruhusa kwenye komini. Jumapili, siku ya Mungu, mi siji.'"

Hapo ndipo Tamim alipoumia kweli. Sitii chumvi. Nilimwona akikaa mbele ya kiwanda chake kilichokamilika, na hakikuwa na ladha tena kwake. Kama Birindwa hataki kuwamo, alisema, basi alichojenga ni makopo na soksi. Miza, ambaye angeweza kushangilia kwa kuwa meza ilikuwa inakaribia kurudi, hakushangilia. Alimwekea chai na kumwambia aende mwenyewe Buyenzi badala ya kutuma kiberiti. Tamim akajibu kwamba ana aibu, na kwamba hajui hata kosa lenyewe ni lipi.

Ikaja Jumapili. Wakaja wafanyakazi wa zamani wa kiwanda, wamevaa makoti ya harusi, wengine wakitembea kutoka mbali kwa kuwa petroli ilikuwa imekuwa hadithi ya mababu. Harufu ya pilau ilitoka jikoni ikatukuta tumekaa, ikatuzunguka mmoja mmoja. Hotuba ya kukaribisha ikatolewa, hotuba ya kushukuru kukaribishwa ikaijibu, kama tufanyavyo hata tunapopeana kuku. Kisha Tamim, uso umemnyauka, akanyoosha kidole kuelekea swichi ya betri.

"Tamim, toa mukono!"

Alikuwa Sylvère. Na nyuma yake wazee wote wakasimama, viti vikalia sakafuni.

"Tangu lini," alinguruma Sylvère, "mashine inaamuka bila mukono ya Shefu? Siku rais alikuja kutembelea, ilingoja. Siku ya mafuriko, ilingoja. Leo sababu iko kidogo, ndiyo itakuwa na kiburi? Apana. Kama Shefu haiko, mashine inalala, na sisi tunarudi kwetu bila kukula!"

Bila kula! Nilihisi ardhi ikisogea. Pilau lile lilikuwa na zabibu kavu, nililiona kwa macho yangu. Kama kulikuwa na saa ambayo taifa lilihitaji mtu, basi ilikuwa hiyo; na Tamim bin Azzan akavuta soksi yake juu, akachukua kofia yake, akatoka nje kwenye jua, na mimi nikamfuata, kwa sababu historia lazima iwe na shahidi, tena shahidi mwenye njaa.

Tulivuka kwenda Buyenzi kwa miguu, avenue baada ya avenue, katikati ya mafundi waliolala chini ya magari yasiyo na mafuta. Mlangoni kwa Birindwa alitupokea mkewe, mama Léocadie.

"Karibuni, muzee Tamim. Iko kule nyuma ya nyumba. Ananuna tangu juzi, hata ugali anaacha nusu. Mumutoe humu ndani, mi nimechoka."

Tukazunguka nyumba, na tazameni tulichokiona. Shefu Birindwa alikuwa anafunga mmarakuja, yaani mpasheni, kwenye waya juu ya ukuta, na alikuwa amesimama juu ya kreti ya njano, iliyopauka kwa jua, yenye ufa pembeni uliofungwa kwa waya. Kutoka pale aliona nyua za majirani wote. Alikuwa akimwelekeza mwanamke wa nyumba ya pili mahali kuku wake alipojificha.

Tamim alisimama. Aliitambua kreti ile kabla hajamsalimu mwenyewe.

"Shefu," alisema, "niambie kosa yangu."

Birindwa hakushuka.

"Tamim, mi najua urefu yangu. Mama yangu aliijua, fundi wa nguo anaijua, Léocadie aliijua na akaolewa nayo hivyo hivyo. Nani alikuambia ninaificha? Chini, kwenye kile kiwanda, niliona migongo ya watu tu. Nikatafuta kreti, nikapanda. Juu ya kreti niliona moto ya Sylvère, niliona mapipa, niliona presi, niliona mukanda. Warefu walikuwa wengi mule, na hakuna hata mumoja aliona kiwanda nzima. Mi niliona. Na siku moja niliona mukono."

Tamim aliutazama mkono wake wa kuume, na mimi nikautazama, nikaliona kovu jembamba linalozunguka kifundo, ambalo miaka yote nilidhani ni la mlango wa duka. Siku ile ya ujana wake mkanda wa presi ulilishika shati lake kwenye mkono ukaanza kumvuta. Alipiga kelele, na kelele za mashine zikazimeza. Waliokuwa karibu naye walikuwa wameinamia kazi zao. Mtu mmoja tu alikuwa juu ya kreti. Birindwa aliushusha mkono wake, kiwanda kizima kikasimama, na fundi kijana akabaki na vidole vyake vyote na shati lisilo na mkono.

"Na huo mukono," alisema Birindwa, sauti ikiwa imepungua, "ndio umejenga nao. Umejenga mupaka misumari. Halafu kreti umeiacha, na mi umenifanya mutu wa banki."

Macho ya Tamim yalijaa, naye hakuyaficha.

"Nilifikiri ni heshima, Shefu."

"Heshima ya kunitoa mahali nilikuwa? Apana, mwanangu."

Yule kuku wa jirani akapatikana, akalalamika. Kisha Tamim akaenda mpaka kwenye kreti, akainama, akasema neno ambalo vijana wa kiwanda walikuwa wakilisema kila asubuhi walipomlaki mkubwa wao mlangoni.

"Shefu, nikubebee?"

Na Birindwa akashuka.

Andikeni, enyi waandishi wa zama, kwamba siku ya Jumapili, mchana kweupe, Tamim bin Azzan, mtu wa safu ya kwanza msikitini, alikatiza Buyenzi nzima na kreti ya bia begani. Watu walitoka milangoni. "Muzee Tamim! Na we sasa?" aliuliza muuza mkaa. "Iko tupu!" alijibu shujaa. "Ndiyo, tunaona umeshaimaliza!" akapaza mwingine, na avenue ikaangua kicheko. Tamim hakuikwepa njia wala hakuharakisha mwendo. Birindwa alitembea nyuma yake, kofia imenyooka, akiitikia salamu za pande zote mbili, na mama Léocadie akafuata amejifunga kitenge kipya.

Lakini mlangoni palikuwa na ngome, na ngome hiyo ilikuwa Miza, mikono kiunoni.

"Baba Hiba, kreti ya pombe, nyumbani kwangu?"

"Iko tupu, Mama Hiba."

"Imeoshwa?"

"Niliiosha mi mwenyewe na sabuni," alisema Léocadie, "mwaka hii na mwaka yote."

Miza aliizunguka, akainusa, akatoa hukumu: "Basi hii si kreti ya pombe. Ni kiti. Ingizeni kiti ya Shefu, pilau inapoa."

Pilau lilikuwa linapoa, naam, lakini vita vilikuwa havijaanza. Birindwa alivua viatu, akasimama wima kwenye fremu ya mlango. "Pima," aliamuru, "na uandike bila kuongeza." Tamim akavuta tepu ya dukani: mita moja na hamsini na mbili. Akagawa kwa hamsini kwa sauti, wazee wakahakiki, na ikapatikana kwamba Shefu wa haki ni sentimita tatu na chembe, urefu wa kiungo cha dole gumba. Akafungua kasha la kiberiti, akamtoa yule mrefu, akamlaza ubaoni, akashika wembe. "Bismillahi," alisema, akamkata chini ya magoti. Aliondoa kipande, akaunganisha viatu na yaliyobaki, akakaza kwa gundi, na kwa mara ya kwanza tangu dunia kuumbwa mtu aliheshimiwa kwa kukatwa miguu, mwenyewe akiwa amesimama pembeni anaitikia kwa kichwa. Kisha akaikunja waya ya bega, mkono wa kuume ukapanda juu.

Ilibaki kreti. Plastiki ya njano haikuwamo nyumbani isipokuwa bidoni moja tu, lile dumu la mafuta ya Miza ya kupikia, ambalo hakuna aliyethubutu kulitaja. Miza mwenyewe aliingia jikoni, akamimina mafuta kwenye sufuria, akarudi na bidoni tupu na kisu. "Mumenilia meza," alisema, "maliza na bidoni." Tamim akakata vipande vyembamba, akavibandika kimoja kwa kimoja, pande nne, vishikio viwili, na ufa pembeni uliofungwa kwa uzi wa waya, mpaka kikawa kitu kilichotosha juu ya punje ya harage. Akakishika kwa kibano, akakinyanyua. Kikaponyoka.

Enyi masikio! Wazee wenye makoti ya harusi wote walipiga magoti chini ya meza ile, wakapapasa zulia inchi kwa inchi, Sylvère akiamuru mtu yeyote asipumue, naye akisema bila kupumzika. Waliinua mkeka, wakakung'uta pazia. Na ni nani aliyekuwa nacho? Kilikuwa kimenasa kwenye soksi yangu ya kushoto. Silisemi hili kwa kujisifu, lakini lisipoandikwa historia itakuwa na pengo.

Tone moja la gundi chini, kreti ikakaa kando ya presi. Tone moja juu, viatu vya Birindwa vikashika. Tamim alikizuia kifua chake kisipande wala kushuka, na mkono wake, ule wenye kovu, haukutetemeka. Alipouondoa, pale alisimama mtu mfupi kuliko wote kiwandani, na kichwa chake kilikuwa juu ya wote.

Birindwa wa nyama akasogea kuangalia, lakini paa la tangi la mvuke lilimzuia. Alijaribu ncha za viatu, hakufika. Wazee wakatazama dari, wakatazama kucha zao, kwa ile adabu ya zamani. Ila Tamim alikwisha kujifunza. Aliivuta kreti ya njano akaiweka mbele ya meza, akanyoosha bega lake liwe ngazi, na Shefu akapanda. Akaangalia chini. Mtu juu ya kreti akamtazama mtu juu ya kreti.

"Ego," alisema Birindwa, ile ndiyo ya Kirundi ambayo haina mjadala. "Huyu ni mi." Midomo yake ikacheza, na akaikaza. "Naona kila kitu. Sylvère, funga kinywa, moto inazimika!"

Kisha akanyanyua mkono wake wa kuume juu ya vichwa vyetu.

"Pandisha!"

Tamim akabonyeza swichi. Mota ya redio iliyokufa ikakohoa, mpira wa soksi ukakaza, na gurudumu kuu, kifuniko cha achari, likageuka mara moja kwa kusitasita, kisha likazunguka, presi ikapanda ikashuka, mtama mwekundu ukatikisika kwenye pipa. Wazee wakalia na kucheka kwa pamoja, wakapigana migongo, mama Léocadie akapiga vigelegele, na Sylvère, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaufunga mdomo wake. Mtu mmoja akaanza wimbo wa zamu ya asubuhi na wote wakaudaka. Miza, meza yake haikurudi kwake jioni ile. Alitandika mkeka kwa mikono yake, mkubwa kuliko wa kila siku, akasema viti havina faida, watu wakikaa chini wanakula vizuri zaidi.

Lakini hatukula mara moja. Ilikuwa sheria, kama mnavyokumbuka, kwamba mashine haisimami mpaka Shefu ashushe mkono, na mashine ikizunguka hakuna anayeacha kazi kwenda kula. Na Birindwa hakuushusha. Alisimama juu ya kreti yake, mkono angani, akakiangalia kiwanda kizima, sisi tukiwa tumesimama mahali petu, pilau likipoa, na hakuna aliyemharakisha, hata mimi. Mwishowe mkono ukachoka, akaushusha, Tamim akazima swichi, nasi tukaketi.

Haya ndiyo yaliyotendeka mtaa wa Asiatiki, na mwenye kuyakanusha aje aone. Yule Birindwa wa juu ya meza hajaushusha mkono wake mpaka leo.